Denis Burkitt, munganga wa jicho moja aliyefuata uvimbe wa taya za watoto

Wakaaji wa Ituri, wa Kivu zote mbili na wa Tanganyika wanajua jambo hili. Mtoto anavimba shavu, mama anasema ni jino. Jirani anasema ni mambo ya ulozi. Wanamung'oa jino, wanamupaka majani, wananunua vidonge sokoni. Wakati wanafika ku hospitali kuu, uso umekwisha kugeuka. Moja ya magonjwa yanayoleta uvimbe wa namna hiyo ni kansere inayoitwa Burkitt. Burkitt ni jina la mtu, na kazi yake kubwa aliifanya hapa karibu, ku jirani zetu Uganda.

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 mwezi wa pili, mwaka wa 1911, katika mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake alikuwa injinia wa serikali, na wakati wa kupumzika alikuwa anafunga ndege pete ku miguu ili ajue kila mmoja anakaa wapi, kisha anachora ramani. Mtoto hakusahau hiyo kazi ya ramani.

Alipokuwa na miaka 11, jiwe lililorushwa lilimuharibu jicho la kuume, akabaki na moja. Alianza masomo ya uinjinia ku Dublin, kisha akageukia uganga, sanasana juu ya imani yake ya Kikristo. Alimaliza mwaka wa 1935. Alipoomba kazi ya serikali ya Waingereza katika Afrika ya Magharibi, walimukataa sababu ya lile jicho. Wakati wa vita ya pili ya dunia aliingia jeshini kama munganga, akafika Kenya na Somalia. Mwaka wa 1946 akapata kazi Uganda, kwanza Lira, kisha hospitali ya Mulago, Kampala, akiwa munganga wa kupasua.

Mwaka wa 1957, mwenzake Hugh Trowell alimwita aangalie mtoto wa miaka kama mitano. Taya zilikuwa zimevimba pande zote, kuume na kushoto, juu na chini, na meno yalikuwa yanalegea. Usaha wa jino hauendi hivyo, kwa kawaida unashika upande mmoja. Burkitt hakuelewa. Wiki chache nyuma, akiwa ku hospitali ya Jinja, aliangalia inje kupitia dirisha, akaona mtoto mwingine mwenye uso wa namna ile ile. Akatoka, akamupima, akakuta ku tumbo pia kuna uvimbe. Hapo akajua kwamba si bahati mbaya ya mtoto mmoja.

Alirudi Mulago na kuanza kufungua vitabu vya wagonjwa. Akakuta watoto hao walikuwa wanakuja tangu zamani. Hata Albert Cook, munganga wa misioni ya Mengo, alikuwa ameandika habari za watoto kama hao tangu mwanzo wa karne ya 20. Lakini kila munganga aliona kipande chake. Mmoja aliona taya, mwingine jicho, mwingine tumbo, na kila mmoja aliandika jina lingine la ugonjwa. Basi kuchelewa hakukuwa kosa la wazazi peke yao. Miaka karibu 50 watoto walipita mbele ya waganga, na hakuna aliyeunganisha mambo. Burkitt aliandika habari hiyo mwaka wa 1958. Nyuma kidogo, wataalamu wa Kampala wanaopima nyama za mwili wakahakikisha kwamba ni kansere ya chembe za kinga ya mwili, zile za limfu.

Alitaka kujua ugonjwa unaishi wapi. Kwa pauni 25 alizopewa, alituma barua zenye picha ku hospitali nyingi za Afrika, akiuliza kama wameona watoto wa namna hii. Majibu aliyachoma kwa pini ku ramani, na ukatokea mkanda mupana unaokata katikati ya Afrika. Kongo yetu iko ndani ya mkanda huo.

Mwezi wa 10, mwaka wa 1961, akaingia ndani ya motokari ya zamani pamoja na waganga wenzake wawili. Mmoja wao, Ted Williams, alikuwa anafanya kazi Kuluva, karibu na Arua, hatua chache toka Aru yetu. Walitembea majuma 10, kilometa karibu 16.000, mpaka Afrika ya Kusini, wakisimama ku hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa unapatikana mahali pa joto na mvua, na ku milima yenye baridi unapotea. Anayejua tofauti ya joto la Uvira na baridi ya Lubero anaelewa. Hiyo ramani inafanana na ya malaria, na leo inajulikana kwamba malaria inafungulia kansere hii mlango.

Mwaka huo huo wa 1961 alikuwa ameeleza kazi yake London. Ndani ya chumba alikuwepo mtafiti Anthony Epstein. Vipande vya uvimbe vikaanza kupelekwa kwa ndege toka Kampala, na mwaka wa 1964 Epstein na wenzake wakapata ndani yake virusi, vya kwanza kujulikana kuwa na uhusiano na kansere ya binadamu.

Na dawa? Kupasua hakukusaidia sana, uvimbe ulirudi. Mashini ya kuchoma kansere kwa miali haikuwepo Kampala. Burkitt akajaribu dawa za kansere, zingine alizopata kwa waganga wa New York. Watoto wengine uvimbe uliyeyuka kwa siku chache tu, na wengine walipona kabisa. Mwaka wa 1967 Mulago ikapata kituo cha kansere kilichozaliwa na kazi hiyo, na kingali kinafanya kazi.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka wa 1966, akajulikana tena kwa kufundisha watu kula vyakula visivyokobolewa. Alikufa tarehe 23 mwezi wa tatu, mwaka wa 1993.

Kansere aliyoifuata iko kati ya zile zinazokua mbio kupita zote. Chembe zake zinaweza kuongezeka mara mbili ndani ya siku moja ao mbili. Lakini inasikia dawa, kama mtoto anafika mapema. Kwa hiyo mtoto mwenye taya inayovimba, meno yanayolegea bila kuanguka, jicho linalotokea inje ao tumbo linalovimba, asingoje juma lingine. Na mkubwa mwenye kidonda cha kinywa, sauti iliyokauka ao uvimbe wa shingo unaopita majuma matatu, aende apimwe. Kama ku kituo cha afya wanasema ni jino, na jino limetoka lakini uvimbe unaendelea, baba na mama wana haki ya kuomba karatasi ya kupelekwa ku hospitali kuu siku hiyo hiyo.