Krapf: Mtu Aliyepita Pwani Yetu Akitafuta Mlango

Katika gazeti hili la kumbukumbu ya ushirika wetu nimeona vema niwaletee habari za mtu wa imani wa zamani, Dakta Johann Ludwig Krapf. Wengi wetu tunamjua kwa habari za Rabai na Mombasa. Wachache wanajua kwamba kabla hajakanyaga Mombasa alipita baharini mbele ya Barawa, Kismayu na visiwa vya Wabajuni, na kwamba mlango aliokuwa akiutafuta ulikuwa huku kwetu, upande wa mto Juba. Mlango huo hakuupata mpaka anakufa. Lakini hakuacha kumtumaini Mungu, na hapo ndipo penye somo letu.

Kijana wa mkulima

Krapf alizaliwa tarehe 11 Januari 1810 katika kijiji cha Derendingen, karibu na mji wa Tübingen, Ujerumani. Baba yake alikuwa mkulima. Alipokuwa na miaka 11, jirani mmoja alimpiga vibaya kwa kosa ambalo hakulifanya yeye. Akaugua muda wa miezi sita. Hebu fikiria mtoto amelala kitandani nusu mwaka kwa uonevu wa mtu mzima! Lakini katika miezi ile ile akaanza kusoma Biblia kwa bidii, hasa habari za mababa wa imani kama Ibrahimu. Jirani alikusudia kumuumiza, Mungu akampa nafasi ya kukaa na Neno.

Baadaye, akiwa mwanafunzi, alipata kitabu cha ramani. Akatazama Afrika Mashariki akaona sehemu za Adali na za Wasomali hazina majina ila machache tu, karibu patupu. Akajiuliza kuna nini kule, na kuna nani. Kwa hiyo ndugu zangu wa pwani ya Somalia, mkisoma habari za huyu mtu mjue kwamba nchi yenu ilikuwa miongoni mwa zile zilizomgusa kwanza, tangu angali kijana mdogo.

Alisomea umisionari huko Basel, Uswisi, kisha akatumwa na shirika la kimisioni la Kanisa la Uingereza, akafika Ethiopia mwaka 1837. Alipofukuzwa kule kaskazini akaenda Shoa, akakaa toka 1839 mpaka 1842. Huko ndiko alikokutana na Waoromo. Akajifunza lugha yao, akaanza kutafsiri Injili, na moyo wake ukafungwa kwao. Aliamini kwamba Waoromo wakipokea Neno, bara zima litafikiwa.

Chozi jangwani

Mwaka 1842 aliteremka kwenda Misri, akamwoa Rosine Dietrich, binti wa Basel, katika mji wa Aleksandria. Furaha ya arusi haikukaa sana. Walipotaka kurudi Shoa mwaka 1843 njia ilifungwa. Wakiwa safarini jangwani Rosine akajifungua kabla ya siku zake. Mtoto wa kike. Akaishi muda mfupi mno, kama saa moja hivi. Wakampa jina Eneba, maana yake chozi, wakamzika hapo hapo nyikani, wakaendelea na safari.

Mtu mwingine angesema basi, Mungu amekataa, turudi kwetu Ulaya. Krapf hakuona hivyo. Yeye alijua kwamba Waoromo wanaenea mbali sana kusini, mpaka nyuma ya pwani ya Waswahili. Wakati ule walikuwa wakichunga ng'ombe zao katika nchi iliyo kati ya mto Tana na mto Juba. Akasema moyoni, kama mlango wa kaskazini umefungwa, nitazunguka baharini niingie kwa mlango wa kusini.

Kaskazi ikiwashusha

Novemba 1843 yeye na Rosine wakapanda chombo Aden. Upepo ukawa mkali, chombo kikaingiza maji, wakaponea chupuchupu na kurudi Aden. Hofu hiyo si ndogo, na ninyi watu wa bahari mnaijua kuliko mimi. Baada ya siku chache wakapanda chombo kingine! Safari hii kaskazi ikawashusha polepole, wakafuata pwani ya Somalia, wakapita Banadiri, kisha mdomo wa Juba, kisha ule mstari wa visiwa vyetu: Koyama, Chovai, Chula, mpaka Rasi Kiamboni.

Ukishuka na kaskazi, bara liko mkono wako wa kulia. Basi kwa siku kadhaa mtu huyu alikuwa na nchi ya Waoromo mkononi mwake wa kulia, nyuma ya michanga na mikoko, na hakuwa na njia ya kuiingia. Mabaharia wetu wanajua pia kwamba ukishaondoka na kaskazi huwezi kugeuza chombo kwa kutaka tu. Kurudi ni mpaka kusi ianze. Krapf alichukuliwa na upepo akaupita mlango wake. Mwanzoni mwa Januari 1844 akafika Mombasa, kisha Unguja.

Sultani Seyyid Said, ingawa ni Mwislamu na mgeni huyu ni mhubiri wa Injili, alimpokea kwa heshima na kumpa barua kwa maliwali wake wa pwani wamtendee mema. Tusisahau wema huo. Krapf akachagua kukaa Mombasa, akiwa bado na nia ya kupenya kwenda kwa Waoromo.

Wiki tano

Sasa sikilizeni jambo hili. Akiwa anangoja mlango ufunguke, Krapf hakukaa bure. Alijifunza Kiswahili, na tarehe 8 Juni 1844 akaanza kukitafsiri kitabu cha Mwanzo, akisaidiwa na shehe mmoja aliyewahi kuwa kadhi hapo Mombasa. Waswahili walikuwa wakiandika lugha yao kwa herufi za Kiarabu tangu zamani. Yeye akaiandika kwa herufi hizi tunazosoma leo.

Mwezi mmoja baadaye, mwanzoni mwa Julai, Rosine akajifungua mtoto wa kike. Furaha ikaingia nyumbani. Siku chache tu homa kali ikampata mama, na baba naye akawa hoi kitandani. Tarehe 13 Julai Rosine akafariki. Baada ya siku mbili mtoto naye akafariki. Ni kama wiki tano tu tangu siku ile ya kuanza Mwanzo.

Rosine alikuwa ameomba azikwe barani, ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, ili wapitao njia waone kaburi na kujua kwa nini watumishi wale walikuja. Kaburi lile liko mpaka leo upande wa Nyali. Krapf, akiwa mgonjwa hawezi kusimama vizuri, akawazika. Kisha akawaandikia waliomtuma. Hakuwaomba wamrudishe. Aliwaambia kwamba sasa kuna kaburi moja la upweke katika pwani hii, na hiyo ndiyo ishara kwamba vita ya Injili kwa upande huu wa dunia imeanza.

Wapendwa, tusiisome habari hii haraka haraka. Huyu ni mtu aliyelia. Kutumaini si kukosa machozi. Kuna wahubiri wanaotufundisha kwamba ukiwa na imani hutafiwa, hutaugua, na safari yako haitakwama. Nenda ukamwambie Krapf hivyo mbele ya makaburi mawili ya watoto na moja la mke! Imani yake ilikuwa ya namna nyingine. Alimwamini Mungu bila kuelezwa sababu, na alipopata nguvu akarudi kwenye meza yake, kwenye karatasi zake za Kiswahili.

Furaha nazo zilikuja

Juni 1846 alifika mwenzake, Johannes Rebmann. Mtu aliyekaa peke yake miaka miwili ndiye ajuaye utamu wa kuomba na ndugu. Agosti wakapanda kwenda kuanza kituo Rabai, wote wawili wana homa, punda mmoja, wakipokezana kumpanda. Ukicheka si vibaya. Lakini kanisa la Rabai lilianza hivyo.

Tarehe 11 Mei 1848 Rebmann aliona theluji juu ya Kilimanjaro. Tarehe 3 Desemba 1849 Krapf, akiwa Kitui kwa mzee Kivoi wa Wakamba, aliuona Mlima Kenya. Wasomi wa Ulaya waliwacheka, wakasema theluji haiwezi kukaa karibu na ikweta. Hawakubishana sana. Waliendelea na kazi, na mlima ukabaki pale pale mpaka wengine wakaja wakaona.

Mwaka 1851 alisafiri na Kivoi kuelekea mto Tana. Wanyang'anyi wakawavamia, Kivoi akauawa, Krapf akabaki peke yake porini, na njaa na kiu. Alipofika mtoni akajaza maji katika mtutu wa bunduki na katika ala ya darubini, kwa sababu hakuwa na chombo kingine. Akatembea usiku, akajificha mchana, na Bwana akamrudisha Rabai akiwa hai.

Waongofu walikuwa wachache mno. Mmoja wa wale wa kwanza alikuwa kilema aitwaye Mringe, mtu ambaye wenzake hawakumhesabu. Kwa hesabu ya makongamano yetu ya leo, Krapf angeonekana mtumishi aliyeshindwa. Mwaka 1853 afya ikamwangusha akarudi Ujerumani. Alikuja tena miaka ya 1861 na 1862 kuwasaidia Wamethodisti kuanza kituo cha Ribe, mwili ukakataa tena. Kwa Waoromo aliowaota hakufika kwa njia ya pwani hata mara moja.

Usiku wa kuamkia tarehe 26 Novemba 1881, huko Korntal, alikwenda kulala kama kawaida. Walimkuta asubuhi amepiga magoti kando ya kitanda, amekwisha kufa.

Mlango aliopewa

Mwaka uliofuata, 1882, kamusi yake kubwa ya Kiswahili ilichapishwa London. Hakuishika mkononi. Wengine walikuja baada yake na kutafsiri Biblia nzima, wakijenga juu ya kazi ya watangulizi kama yeye. Mwanzoni mwa karne ya 20 wamisionari kutoka Sweden walifika Kismayu na nchi ya Juba, nao pia wakiwa na Waoromo moyoni, wakatumika hadi serikali ya Italia ilipowaondoa miaka ya 1930. Mlango aliopita Krapf ulifunguliwa na wengine, ukafungwa tena. Bwana ndiye mwenye ufunguo.

Lakini tazameni ushirika wetu. Tunapokutana, Mkenya na Mtanzania na Mkongomani na Mganda na mtu wa Kismayu, tunaomba kwa lugha gani? Krapf aliitaka nchi moja na watu wa aina moja. Mungu akamweka akingoja ufukweni, na kazi aliyoifanya wakati wa kungoja ndiyo leo inayotuunganisha kuvuka mipaka. Alidhani Kiswahili ni njia tu ya kwenda kwenye mlango. Kumbe Kiswahili chenyewe ndicho kilikuwa mlango.

Nasema haya nikijua ninaowaandikia. Wako kati yetu waliotoka visiwani na Kismayu mwaka 1991 vita vilipoingia, wakashuka kwa mashua mpaka Lamu na Mombasa na nguo walizovaa tu. Wako wenye makaburi kule ambayo hawajayaona tena. Wako wanaomwamini Bwana katika mahali ambapo hata wimbo huimbwa kwa sauti ya chini, na hofu hiyo ni ya kweli, si upungufu wa imani. Wako wanaongojea karatasi za ukimbizi miaka na miaka. Siwezi kuwaahidi kwamba kusi itaanza kesho na kuwarudisha nyumbani. Krapf hakuahidiwa hivyo, na sura ya 11 ya Waebrania imejaa watu wa namna yake.

Ninachoweza kuwaambia ni hiki. Wakati unangoja, shika kazi iliyo mbele yako. Kama ni kufundisha watoto kusoma, fundisha. Kama ni kumpenda jirani Mwislamu aliyekupa samaki siku huna kitu, mpende na umwombee kwa heshima. Kama ni kulia, lia mbele za Bwana, kisha uamke. Hujui ni kipi katika hayo madogo ambacho Mungu atakichukua kivuke mipaka na miaka.

Bwana na awatunze nyote, wa visiwani, wa pwani na wa bara. Na siku yetu ya mwisho itukute mahali ilipomkuta yule mzee wa Korntal, tukiwa tumepiga magoti. Amina.