JOHN SPEED: MSHONAJI NGUO ALIYECHORA KAUNTI

Kabla sijaendelea nijibuni swali moja: kijito kilicho nyuma ya kwenu kinaitwaje? Mwalimu wetu wa historia aliniuliza hivyo nikabaki kinywa wazi. Marehemu babu alilijua jina hilo, lakini sikumwuliza alipokuwa hai, na sasa sisi nyumbani twasema "mtoni" tu. Aibu hiyo ndiyo iliyonipeleka maktabani, na huko nikakutana na John Speed.

Bwana huyu alizaliwa mwaka 1552 kijijini Farndon, katika kaunti ya Cheshire, Uingereza. Baba yake alikuwa mshonaji nguo, naye akaifuata kazi hiyo. Msidhani alikuwa na cherehani! Siku hizo ilikuwa ni sindano, uzi na mkono. Alihamia London, akashona huku akilea watoto wengi; yasemekana walifika 18. Lakini moyo wake ulikuwa kwenye historia na ramani.

Basi, tajiri mmoja, Sir Fulke Greville, akaona kipawa chake, akamsaidia kwa fedha ili aweke sindano ashike kalamu. Mwaka 1598 Malkia Elizabeth wa Kwanza akampa chumba cha kufanyia kazi katika jumba la forodha. Kumbe penye nia pana njia.

Speed hakuwa wa kwanza. Christopher Saxton alikuwa amekwisha kutoa atlasi ya kaunti za Uingereza na Wales mwaka 1579, na John Norden naye alichora kadhaa. Speed alichota mengi kwao, wala hakuona haya kukiri. Yeye aliongeza mipaka ya tarafa ndani ya kila kaunti, na pembeni mwa karatasi akaweka ramani za miji, zaidi ya 70 kwa jumla. Mingi kati ya hiyo aliizunguka mwenyewe kwa miguu, akiipima kwa hatua. Mabamba ya shaba ya kuchapia yalichongwa Amsterdam na Jodocus Hondius, na atlasi yake ikatoka ikiwa na tarehe ya 1611.

Kasoro zilikuwepo. Barabara, kwa mfano, hakuzichora, kwa hiyo msafiri angeweza kupotea hata akiwa na ramani mkononi! Lakini kwa miji mingi, ramani ya Speed ndiyo ya kwanza kabisa inayojulikana. Kuta na malango yaliyobomolewa zamani bado yanaonekana humo. Anayetafuta historia ya kwao huanzia hapo.

Uzeeni macho yalimdhoofika. Alifariki mwaka 1629, akazikwa katika kanisa la Mtakatifu Giles, Cripplegate, London.

Nami likizo iliyopita nilichukua daftari nikafuata kijito chetu, nikihesabu hatua kama yeye. Niliuliza wazee watatu. Mmoja alisema amesahau. Wawili walinipa majina mawili tofauti, wakabishana mpaka chai ikapoa. Nikayaandika yote mawili.

Wenzangu, mwacha mila ni mtumwa. Tusingoje mtu wa mbali aje kutuchorea kwetu. Likizo hii mwulize babu au nyanya yako, tena uandike, maana wazee hawatungoji.