Herufi Mbili za Tabibu wa Kirksville

Herufi mbili ni kitu kidogo mno katika lugha yoyote ile. Hata hivyo, herufi mbili zikifuata jina la mtu zaweza kumfungulia mlango au kumfungia. Hilo wanalifahamu barabara wanafunzi wa udaktari nchini Marekani ambao shahada yao ni DO, si MD kama ya wenzao walio wengi. Wote husomea mwili ule ule na hatimaye hupewa leseni ya kutibu maradhi yale yale. Lakini mwenye DO anayetamani ubingwa wa upasuaji wa ubongo, au wa masikio na koo, aghalabu hukuta nafasi ni haba na wenye MD wametangulizwa. Asili ya tofauti hiyo ni uamuzi wa mzee mmoja, na maisha yake yana funzo kwetu tunaofundisha na kutahini.

Andrew Taylor Still alizaliwa tarehe 6 Agosti 1828 katika jimbo la Virginia. Babake alikuwa mhubiri wa Kimethodisti na tabibu vilevile, na kijana alijifunza utabibu kwa kumfuata mzazi wake, kama ilivyokuwa desturi katika sehemu za mashambani enzi hizo. Aliupinga utumwa waziwazi, akachaguliwa katika bunge la Kansas mnamo mwaka wa 1857, kisha akashiriki Vita vya Wenyewe kwa Wenyewe upande wa Kaskazini.

Msiba uliomgeuza ulimpata mwaka wa 1864. Homa ya uti wa mgongo iliingia nyumbani mwake, na ndani ya muda mfupi watoto watatu wakafariki. Madaktari walifika na kufanya kila walilolijua. Still hakuwalaumu watu hao. Alichokitilia shaka ni elimu yenyewe. Dawa za siku hizo zilikuwa zebaki, afyuni na pombe kali, na mara nyingi zilimdhuru mgonjwa kuliko ugonjwa wenyewe. Alijitosa katika uchunguzi wa mifupa ya maiti, akiamini kwamba mwili una nguvu ya kujiponya iwapo viungo vyake vimekaa sawasawa.

Mwaka wa 1874 aliyatangaza mawazo yake. Chuo Kikuu cha Baker, ambacho jamaa zake walikuwa wamesaidia kukianzisha, kilikataa kumpa jukwaa. Alihamia Missouri, akawa tabibu wa kutangatanga, hadi sifa zake zilipoenea na wagonjwa wakaanza kumfuata wao katika mji mdogo wa Kirksville. Huko ndiko alikofungua shule yake mwaka wa 1892, yenye wanafunzi wapatao ishirini, wanawake wakiwa miongoni mwao tangu siku ya kwanza.

Hapo ndipo penye kiini cha kisa hiki. Sheria ya Missouri ingemruhusu kutoa shahada ya MD. Still alikataa. Aliona kwamba elimu mpya yastahili jina jipya, akachagua DO kutokana na neno osteopathia, aliloliunda kwa maneno ya Kigiriki yenye maana ya mfupa na maumivu. Gavana aliupinga mswada wa kuwatambua wahitimu wake mwaka wa 1895. Mwingine akautia sahihi mwaka wa 1897.

Tusimpambe mzee huyu kupita kiasi. Mengi aliyodai kuyaponya kwa mikono hayakuthibitishwa na sayansi, na ukaidi wake dhidi ya dawa ulipitwa na wakati dawa zilipoboreka. Shule zilizomfuata ziliingiza somo la dawa kinyume cha matakwa yake. Alifariki tarehe 12 Desemba 1917, akiwa na umri wa miaka 89, huku jeshi la nchi yake likikataa kuwapokea wahitimu wake kama madaktari. Ilichukua hadi mwaka wa 1966 kwa mlango huo kufunguliwa.

Mlango wa mafunzo ya ubingwa ulichelewa zaidi. Ni makubaliano ya mwaka wa 2014 yaliyoanzisha kuunganishwa kwa mifumo miwili ya mafunzo hayo, na kazi hiyo ikakamilika mwaka wa 2020. Tangu hapo wote hugombea nafasi zile zile. Lakini mwamba ngoma huvutia kwake: wengi wa wanaoteua ni wenye MD. Ndiyo maana mwanafunzi wa DO anayetaka upasuaji mara nyingi hufanya mitihani ya aina mbili, wa kwake na wa wenzake, ili apimwe kwa mizani inayofahamika. Tangu mwaka wa 2022, sehemu ya kwanza ya mtihani huo wa wenzake haitoi alama, ila kufaulu au kushindwa tu. Wapo walioshangilia kwamba mzigo umepungua. Kwa mwanafunzi wa DO, hata hivyo, imepotea fursa moja ya kuonyesha kwa tarakimu kwamba anatosha, na sasa sehemu ya pili ndiyo inayobeba uzito wote.

Mwalimu mwenzangu, jina lilizaliwa kutenganisha elimu mbili zilizotofautiana kweli. Elimu hizo zimekaribiana, jina limebaki, nalo laendelea kutenganisha watu. Sisi nasi huisoma barua ya mwombaji tukaanza na jina la shule yake kabla ya kazi yake. Still alinyimwa jukwaa kabla ya kusikilizwa. Laiti angesikilizwa, makosa yake yangaliweza kusahihishwa mapema, na mema yake yasingesubiri miongo mingi. Mwanafunzi anayeshika kisu cha upasuaji apimwe kwa mkono wake na maarifa yake. Herufi zije baadaye.