Mitsuteru Yokoyama, baba wa roboti mkubwa wa Japani

Wanaokusanya midoli ya roboti wakubwa wa katuni za Kijapani huthamini sana roboti mmoja wa bati: Tetsujin namba 28. Aliyembuni ni mchoraji Mitsuteru Yokoyama, mzaliwa wa mji wa Kobe.

Yokoyama alizaliwa mwaka 1934. Alikuwa na miaka 10 tu ndege za Marekani zilipouteketeza mji huo kwa mabomu, mwaka 1945.

Mwaka 1956 alianza kuchora hadithi ya Tetsujin, roboti aliyeundwa awe silaha ya vita. Anaongozwa na mvulana mdogo, Shotaro, kwa kutumia rimoti. Tetsujin hajui jema wala baya. Humtii yeyote aliyeishika rimoti hiyo, hata akiwa jambazi.

Mwaka 1963 hadithi ilionyeshwa kwenye televisheni kama katuni, na watoto wakanunuliwa midoli yake.

Yokoyama alifariki mwaka 2004 baada ya nyumba yake kuungua moto. Mwaka 2009 sanamu ya Tetsujin yenye urefu wa zaidi ya mita 15 ilisimamishwa Kobe, katika eneo la Nagata lililoharibiwa vibaya na tetemeko la mwaka 1995. Silaha ya vita sasa ni alama ya mji ulioinuka tena.