Haldane, daktari aliyewafundisha wazamiaji kupanda polepole

Kijana mmoja wa Ng'ambo, hapa Tabora, anafanya kazi Mombasa ya kuwaongoza watalii chini ya bahari. Yaliyompata nayaeleza kwa ruhusa yake na ya mama yake. Asubuhi moja alizama mara mbili kwenye Dania, meli kuukuu iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe makazi ya samaki, nayo imelala kwenye kina cha mita 30 hivi. (Sisi wa reli ya kati tukisikia meli iliyozamishwa makusudi tunaikumbuka Liemba, ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe Ziwa Tanganyika mwaka 1916 na Waingereza wakaiibua 1924.) Kijana alipotoka majini alikuta simu ya msiba nyumbani. Jioni ileile akapanda basi la Arusha. Walipokaribia Moshi bega la kulia likaanza kuuma. Akadhani ni uzito wa mitungi ya hewa, akameza dawa ya maumivu, akaunganisha safari. Alifika Tabora vidole vina ganzi.

Mama yake alishangaa kuona namwekea oksijeni mtu anayelalamika bega. Jibu la mshangao wake limo katika maisha ya daktari mmoja aliyefariki zamani, John Scott Haldane.

Haldane alizaliwa Edinburgh, Uskoti, mwaka 1860, akahitimu udaktari hukohuko mwaka 1884. Hakuwa daktari wa kukaa kliniki. Kilichomshughulisha ni hewa ambayo watu huivuta: hewa ya vyumba vya maskini mjini Dundee, ya mifereji ya maji machafu, ya migodi ya makaa ya mawe. Mgodi ulipolipuka alishuka kuchunguza maiti, na katika ripoti yake ya 1896 akaonyesha kwamba wengi hawakuuawa na mlipuko bali na kaboni monoksidi. Gesi hiyo alikuwa amekwisha kuivuta mwenyewe maabara, akiandika dalili moja baada ya nyingine mpaka miguu ikamkatalia. Ni gesi ileile inayotoka kwenye jiko la mkaa ambalo baadhi yenu hulala nalo ndani nyakati za baridi, milango imefungwa, na haina rangi wala harufu. Wachimbaji aliwashauri washuke na panya au ndege mdogo, ambaye hulegea kabla ya binadamu. Nyinyi litoeni jiko nje.

Mwanzoni mwa karne iliyopita jeshi la majini la Uingereza likamhitaji. Wazamiaji wake walikuwa wakitoka majini wazima, kisha baada ya muda mfupi wanajikunja kwa maumivu. Wengine walipooza, wengine walikufa. Sababu ilikuwa inajulikana. Kila mita 10 za maji huongeza mgandamizo sawa na ule wa hewa yote iliyo juu yetu, kwa hiyo kwenye mita 30 mwili unabanwa mara nne ya nchi kavu. Naitrojeni iliyo katika hewa huyeyuka kwenye damu na mafuta ya mwili. Mtu akipanda haraka inakuwa kama chupa ya soda iliyofunguliwa ghafla: mapovu. Lisilojulikana ni kasi gani ya kupanda ambayo ni salama.

Haldane alitumia mbuzi. Waliingizwa katika chumba cha chuma jijini London, wakabanwa kwa hewa, kisha mgandamizo ukapunguzwa kwa kasi mbalimbali. Mbuzi mwenye maumivu huinua mguu wa mbele asiukanyage. (Kijana wetu aliingia chumbani kwangu mkono ameukunja kifuani, hataki uguswe.) Haldane akagundua kwamba mgandamizo ukipungua kwa nusu tu, mbuzi hawadhuriki. Basi mzamiaji aliye mita 30 anaweza kupanda hadi 10, kwa sababu nne imekuwa mbili, kisha lazima asubiri, apande kidogo, asubiri tena. Mwaka 1906 maofisa wawili walishuka mita 64 katika bahari ya Uskoti na kupanda kwa hesabu hiyo, wakatoka salama. Mwanawe Jack, mwenye miaka 13, naye alishushwa, katika vazi kubwa kuliko mwili wake lililoingiza maji. Kama mzazi, hapo sikubaliani naye hata kidogo.

Majedwali yake yalichapishwa mwaka 1908. Leo wazamiaji huvaa kompyuta mkononi na hesabu zimerekebishwa, lakini kusubiri njiani ni kulekule.

Mwaka 1911 alipanda Pikes Peak, mlima wa Marekani wenye mita 4,300, kujifunza hewa nyepesi. Vita ya Kwanza ikamleta kwenye askari waliovutishwa gesi ya sumu, na mwaka 1917 akaandika namna bora ya kumpa mgonjwa oksijeni, wakati ambapo wengi walimshikia tu faneli karibu na uso. Alifariki Machi 1936 kwa nimonia, aliporudi kutoka Iran alikokwenda kuchunguza wafanyakazi waliougua kwa joto.

Oksijeni hiyo ndiyo tunayowapa watoto wenu wenye nimonia. Kwa mzamiaji, huisaidia naitrojeni kutoka mwilini upesi.

Kosa la kijana halikuwa majini. Alipanda kutoka mita 30 kwa utaratibu, kisha akaendelea kupanda kwa basi: Arusha iko mita 1,400 juu ya bahari, Tabora kama 1,200. Treni ya Dar es Salaam kwenda Dodoma humpandisha mtu zaidi ya mita 1,000 kwa saa chache, na ndege humfikisha kwenye hewa kama ya mlima wa mita 2,000. Aliyezama mara moja asubiri angalau saa 12, aliyezama zaidi ya mara moja saa 18, na mimi humwambia alale usiku mzima pwani. Baada ya kuzama, maumivu ya viungo, ganzi, kizunguzungu, mkojo kukataa au miguu kulegea ni safari ya hospitali, na mwambieni daktari kwamba mgonjwa alizama. Muulizeni mwajiri wa mwanenu, kabla hajaanza kazi, chumba cha mgandamizo kilicho karibu kiko wapi.

Sisi hapa hatuna, na kumsafirisha kwa ndege kungempandisha tena. Tulimpa oksijeni kwa saa nyingi na maji ya mshipa, huku nikishauriana kwa simu na mwenzangu wa pwani. Bega lilitulia usiku ule, ganzi ikaisha siku ya tatu. Mazishi hakuyawahi, walizika akiwa bado barabarani.