Aw Boon Haw: muuza dawa aliyeivusha nembo ya chui milia katika mipaka ya Asia

Madereva wa masafa marefu na wafanyabiashara wengi wanakijua kichupa kidogo cha pembe sita chenye picha ya chui milia anayeruka. Ni dawa ya kupaka inayouzwa kwa jina la Tiger Balm, ambayo watu huipaka kwenye paji la uso kichwa kinapouma, au mgongoni baada ya siku nzima ya kukaa kwenye usukani. Pamoja na umaarufu huo, ni wachache wanaofahamu historia ya mtu aliyeitoa dawa hiyo katika duka moja la mitishamba na kuifikisha katika masoko ya nchi nyingi. Mtu huyo ni Aw Boon Haw, aliyezaliwa mwaka 1882 na kufariki mwaka 1954.

Duka la baba

Baba yake, Aw Chu Kin, alikuwa mganga wa mitishamba wa kabila la Hakka kutoka Yongding katika jimbo la Fujian, kusini mwa China. Alihamia Rangoon (sasa Yangon) nchini Burma, ambayo leo ni Myanmar, na katika miaka ya 1870 akafungua duka la dawa lililoitwa Eng Aun Tong, maana yake ukumbi wa amani ya milele. Wateja wake walikuwa wahamiaji wenzake waliofanya kazi bandarini, sokoni na kwenye mashamba katika mji wenye joto kali na unyevu mwingi.

Tiba ya Kichina huyahesabu maradhi yaletwayo na joto la kiangazi kuwa kundi la peke yake. Humo kuna kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na uchovu wa kukaa juani. Dawa zake nyingi hutumia vitu vyenye harufu kali na ubaridi kama nanaa na kafuri. Mfanyakazi wa bandari hakuwa na muda wa kuchemsha majani na kusubiri, hivyo alihitaji kitu cha kutia mfukoni.

Mzee Aw alikuwa na watoto watatu wa kiume. Mkubwa, ambaye jina lake lilikuwa na maana ya joka mpole, alifariki angali kijana. Wa pili ndiye Boon Haw, yaani chui milia mpole, na wa tatu Boon Par, yaani chui mpole. Boon Haw alikuwa mtundu, akapelekwa China kijijini kwa babu yake akasome Kichina, na Boon Par akabaki Rangoon akasoma kwa Kiingereza. Baba alipofariki mwaka 1908, Boon Par aliona hawezi kuliendesha duka peke yake, akamwita kaka yake arudi.

Ndugu wawili, kazi mbili

Hapo ndipo biashara yenyewe ilipoanza. Ndugu hao waliichukua fomula ya marhamu iliyoachwa na baba yao wakaiboresha. Ndani yake mna mentholi, kafuri, mafuta ya nanaa, mafuta ya kayuputi na mafuta ya karafuu, zao ambalo wasomaji wetu wa Unguja na Pemba wanalifahamu vyema. Boon Par alishughulika na utengenezaji na hesabu, naye Boon Haw akazunguka madukani akiwashawishi wenye maduka waipokee. Nembo aliichukua katika jina lake mwenyewe: chui milia. Hata mteja asiyejua kusoma aliweza kuitambua dawa kwa picha hiyo.

Pamoja na marhamu hayo walitengeneza dawa nyingine chini ya nembo ileile, zikiwemo poda ya maumivu ya kichwa na vidonge vilivyoitwa Ba Gua Dan. Vidonge hivyo viliwalenga moja kwa moja watu waliozidiwa na joto na wasafiri waliochafukwa na tumbo njiani.

Kuhamia Singapore

Mwaka 1926 Boon Haw alihamishia makao ya biashara Singapore. Sababu inaeleweka kwa kila msafirishaji. Rangoon ilikuwa bandari nzuri kwa Burma, lakini Singapore ilikuwa njia panda ya meli zilizokwenda Malaya, visiwa vya Indonesia, Siam na China. Huko alijenga kiwanda kikubwa kuliko kile cha awali, na biashara ikapata matawi katika miji kama Batavia (sasa Jakarta), Bangkok, Hong Kong na Shantou.

Alikuwa na mbinu za kutangaza ambazo hazikuwa za kawaida wakati huo. Aliagiza gari lililotengenezwa kwa sura ya chui milia, lenye kichwa cha mnyama huyo mbele na honi inayonguruma, akawa anapita nalo mitaani na vijijini akigawa sampuli. Alipoona gharama za matangazo magazetini ni kubwa, alianzisha magazeti yake mwenyewe. Sin Chew Jit Poh lilianza Singapore mwaka 1929 na Sing Tao likaanza Hong Kong mwaka 1938. Kila toleo lilibeba habari za watu, na tangazo la dawa lilikuwa pembeni. Pia alitoa fedha nyingi kwa shule na hospitali. Aidha, bustani alizojenga Hong Kong mwaka 1935 na Singapore mwaka 1937 zilivuta wageni ambao waliondoka wakiikumbuka nembo.

Vita na lawama

Vita Kuu ya Pili iliivunja mipaka yote aliyokuwa ameizoea. Wajapani walipoiteka Singapore mwaka 1942, Boon Par alikuwa amekwisha kimbilia Rangoon, na alifariki huko mwaka 1944. Boon Haw alibaki Hong Kong chini ya utawala wa Kijapani. Mwaka 1943 alikwenda Tokyo na kukutana na Waziri Mkuu Tojo katika mazungumzo yaliyohusu biashara ya mchele. Baada ya vita wapo waliomlaumu kwa kushirikiana na adui, na doa hilo halikufutika kabisa.

Hata hivyo alirejea Singapore na kufufua viwanda. Mwaka 1950 alianzisha benki ya Chung Khiaw, iliyojulikana kwa kuwahudumia watu wa kipato kidogo. Septemba 1954, akiwa na umri wa miaka 72, alifariki mjini Honolulu alipokuwa njiani kurudi Hong Kong kutoka Marekani alikokwenda kufanyiwa upasuaji.

Nembo yaitoka familia

Mwaka 1969 kampuni ya familia iliingizwa katika soko la hisa. Miaka miwili tu baadaye, mwaka 1971, udhibiti wake uliuzwa kwa Slater Walker, kampuni ya fedha ya London. Mwaka huohuo benki ya Chung Khiaw ikachukuliwa na benki ya UOB. Hivyo miaka 17 baada ya kifo cha mwasisi, chui milia aliyebeba jina lake alikuwa mikononi mwa wageni. Slater Walker yenyewe ilianguka katikati ya miaka ya 1970, lakini dawa iliendelea kuuzika. Leo inatengenezwa na Haw Par Corporation ya Singapore na inauzwa katika nchi zaidi ya 100.

Mafunzo kwa wafanyabiashara wetu

Kwanza, mali kubwa ya Aw Boon Haw haikuwa fomula, kwani maduka mengi ya mitishamba yalikuwa na kafuri na nanaa. Mali yake ilikuwa jina ambalo mteja alilitambua kila alikovuka mpaka. Mwenye bidhaa yake akumbuke kwamba kusajili nembo katika nchi moja hakumlindi moja kwa moja katika nchi jirani.

Pili, jina likijengwa na mtu mmoja linahitaji utaratibu wa urithi ulioandikwa mapema, la sivyo linauzwa na wasiolijenga.

Tatu, kwa ndugu zetu wa malori: mentholi huifanya ngozi ihisi baridi, lakini haishushi joto la mwili. Dereva aliyepigwa na jua akaanza kuchanganyikiwa au kuzimia hatibiwi kwa marhamu. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji na kupepewa, kisha awahishwe hospitali. Dawa zenye kafuri zisipakwe puani kwa watoto wadogo.