Faraday na Mshumaa Wake

Kwenye mazoezi ya kufundisha mwaka jana nilijaza ubao kanuni kwa dakika 40. Wanafunzi wakanakili. Nilipouliza swali, kimya. Nikajitetea kwamba shule haina maabara. Wenzangu wa ualimu, wangapi tumejitetea hivyo?

Michael Faraday tunamjua kwa madesa tu. Maisha yake ndiyo somo lenyewe.

Alizaliwa mwaka 1791 kando ya London, mtoto wa mhunzi. Shule aliipata kidogo sana. Akiwa na miaka 14 alipelekwa kujifunza kazi ya kujalidi vitabu, na vya sayansi vilivyopita mikononi mwake akawa anavisoma. Mwaka 1812 mteja mmoja akampa tiketi za mihadhara ya mkemia Humphry Davy pale Royal Institution. Faraday akaandika aliyoyasikia, akachora vifaa, akajalidi mwenyewe, akampelekea Davy. Mwaka uliofuata akaajiriwa hapohapo kama msaidizi wa maabara.

Sasa sikia. Kabla hajawa mhadhiri, alikaa akiwachunguza wahadhiri: sauti, mikono, namna ya kuonyesha majaribio, hata hewa ya ukumbini. Aliyoyaona akamwandikia rafiki yake. Baadaye akaenda kwa mwalimu wa uzungumzaji, akalipia. Yaani ile ladha ya mihadhara yake hakuzaliwa nayo, aliitafuta.

Mwaka 1831 alionyesha kuwa sumaku ikisogezwa ndani ya koili ya waya, umeme unapita. Umeme wa Kidatu unazalishwa kwa kanuni hiyohiyo. Hisabati haikuwa fani yake. Mawazo yake aliyaeleza kwa picha ya mistari ya nguvu kuizunguka sumaku.

Kwa vijana alitoa mihadhara ya Krismasi kwa misimu 19. Inayokumbukwa zaidi ni ya mshumaa. Mshumaa tu! Aliingiza mrija wa kioo katikati ya mwali, mvuke wa nta ukapita ndani, akauwasha upande wa pili. Kutoka hapo akawapeleka watoto kwenye hewa, maji, mpaka pumzi zao wenyewe: mwili nao unatumia oksijeni na kutoa kabonidayoksaidi, kama mshumaa.

Alifariki mwaka 1867.

Maabara ile shule haikuwa nayo, ni kweli. Lakini duka la mishumaa lilikuwa ng'ambo ya barabara, na mimi nililipita kila asubuhi.